Sakuraba kwanza, halafu tubishane

Leo mchana kazini tumebishana mpaka chai ikapoa. Kijana mmoja wa ofisini, shabiki wa UFC (ligi ya Marekani ya MMA, yaani mapigano ya mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka) wa hizi zama za simu, kasema wapiganaji wa Japani ni maonyesho tu, wakienda Marekani wanapigwa. Nikamwambia subiri, usiku naandika orodha yangu ya wapiganaji bora wa Japani. Basi ndiyo hii, naiandika watu wamelala.

Wa kwanza ni Kazushi Sakuraba, na sitaki mjadala. Ukimpima kwa hesabu anaanguka, maana kapoteza mapambano zaidi ya 15, na Wanderlei Silva peke yake kamtwanga mara tatu. Lakini Sakuraba alikuwa mtu wa kilo 80 na kitu aliyetupwa ulingoni na wanaume wakubwa kuliko yeye, mwaka baada ya mwaka, na hakuwahi kusema basi.

Tarehe 1 Mei 2000, Tokyo Dome, alikutana na Royce Gracie, yule aliyeshinda UFC ya kwanza mwaka 1993. Akina Gracie, ukoo wa jujitsu wa Brazili, walikuja na masharti yao: raundi za dakika 15 bila kikomo, hakuna majaji, refa asisimamishe pambano. Wajapani wakakubali. Sakuraba akaingia na wenzake wawili, wote watatu wamevaa kinyago cha aina moja, hujui yeye ni yupi. Kuna mahali anamvuta Royce suruali ya judo kana kwamba anataka kumvua mbele ya umati, na uso wake hauna hata haraka. Mateke ya mguuni yakaendelea, teke baada ya teke, mpaka baada ya raundi ya sita Royce hawezi tena kusimama vizuri na kaka yake akatupa taulo. Dakika 90! Usiku huohuo akarudi ulingoni kupigana na Igor Vovchanchyn, Myukraine wa uzito wa juu. Akamaliza naye dakika 15 nyingine kabla wasaidizi wa kona yake hawajamwonea huruma na kusimamisha pambano.

Agosti mwaka huohuo akamshika Renzo Gracie kwa kabali ya mkono ileile ambayo mwanajudo wa Japani, Masahiko Kimura, alimvunjia mkono Helio, baba yake Royce, pale Maracanã mwaka 1951. Renzo akakataa kusalimu amri, kiwiko kikaachia. Nusu karne imepita, mkono uleule wa ukoo uleule. Mimi siamini mambo ya majaliwa, ila hapo nilinyamaza kidogo.

Wa pili ni Kyoji Horiguchi. Kwa ufundi mtupu ndiye bora kuliko wote, na kama swali lingekuwa nani angemshinda nani, huenda angekaa juu. Mwaka 2015 alimpigania Demetrious Johnson mkanda wa UFC, akanaswa mkono na kushindwa ikiwa imebaki sekunde 1 pambano liishe. Wengi wangezimika hapo. Yeye akarudi nyumbani, akatwaa mkanda wa Rizin, ligi ya Japani, kisha mwaka 2019 akaenda New York kumvua Darrion Caldwell mkanda wa Bellator, ligi nyingine ya Marekani.

Takanori Gomi wa tatu, kwa ajili ya mwaka 2005 tu. Septemba aliwapiga watu wawili usiku mmoja, na mkesha wa mwaka mpya akamlaza Hayato Sakurai raundi ya kwanza. Miaka ya UFC tuiache. Wa nne Norifumi "Kid" Yamamoto, aliyemlalisha Kazuyuki Miyata kwa goti la kuruka ndani ya sekunde 4, na ndiye aliyemfundisha Horiguchi. Saratani ya tumbo ilimchukua mwaka 2018, ana miaka 41.

Sasa wa tano, na hapa najua nitatukanwa: Yuki Nakai. Aprili 1995, ukumbi wa Budokan, mashindano yasiyogawa watu kwa uzito. Nakai ana kama kilo 70, mpinzani wake ni Gerard Gordeau, Mholanzi mrefu kama mlingoti. Gordeau akamchokoa jicho la kulia kwa kidole. Nakai akaendelea, jicho limevimba na kufumba kabisa, mpaka raundi ya nne akaupata mguu wa yule jitu na kuupinda kisigino. Akashinda. Kisha akapanda tena akamshinda Craig Pittman, Mmarekani wa mieleka, pande la mtu. Fainali akakutana na Rickson Gracie, akapigwa kabali. Jicho lile halikuona tena, na kwa miaka alilificha jambo hilo ili mchezo usije ukapigwa marufuku Japani. Hakurudi kwenye mapigano hayo. Akafungua shule ya jujitsu, na Shinya Aoki akatokea humo.

Aoki mwenyewe ningempa nafasi ya sita kama si ule mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2009, alipomvunja mkono Mizuto Hirota kisha akamwonyesha kidole cha matusi akiwa bado chini. Kwa hiyo ya sita nampa Megumi Fujii, mwanamke aliyeshinda mapambano 22 mfululizo kabla ya kupoteza kwa majaji waliogawanyika mwaka 2010. Aoki akae wa saba, ajifikirie.

Kesho asubuhi naituma. Kijana atauliza Yushin Okami yuko wapi, na nitamjibu: wa nane, na chai ya kesho analipa yeye.