Lile "tu" la wifi

Wageni, yaani wifi, mke wa kaka yangu, na watoto wake Nyemo na Yona, wameondoka leo na treni ya asubuhi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, sufuria la pilau limerudi kwa mwenyewe, na mimi nimebaki na neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa perege. Neno lenyewe ni "tu".

Mnajua tangu Novemba nilikuwa nashona zawadi za watoto. Mliosoma habari za cherehani ya mama kukatika mkanda usiku wa manane mnajua pia nilivyomalizia kwa sindano ya mkono. Midoli mitatu: wa Nyemo, wa Seche, na wa yule binti wa jirani ambaye anashinda kwetu kuliko kwao, singeweza kumruka. Yona nikamtengenezea lori.

Naomba niisifie kazi yangu kidogo, maana hakuna mwingine aliyeisifia. Miili nilishona kwa amerikani, nikaichemsha kwenye chai ya rangi iliyokolea mpaka ikapata rangi ya mtu, si ule weupe wa sanda. Ndani nimejaza fulana kuukuu, nimezikatakata kwa mkasi hadi kidole gumba kikaota lengelenge. Nywele ni uzi mweusi wa kufumia: wa Seche nimemsuka twende kilioni, wa Nyemo nimemfunga mabutu mawili. Magauni ni vipande vya vitenge nilivyookota chini ya meza ya fundi wangu pale Majengo, hapa Dodoma, ambaye ikifika katikati ya Desemba hapokei tena nguo ya mtu hata umlilie, lakini kufagia anakuruhusu. Lori la Yona ni dumu la mafuta ya alizeti la lita 5 lililokatwa mgongo, ekseli ni spoku za baiskeli, magurudumu ni ndala za kaka mwenyewe alizoziacha hapa mwaka juzi. Yanazunguka. Nimeyajaribu mimi kwa mkono wangu sebuleni, mtu mzima na akili zangu.

Basi tarehe 26, siku ya kufungua zawadi, tumekaa barazani, mama anachambua mlenda, nikawagawia. Watoto wakasema asante shangazi, wakapiga magoti kama walivyofunzwa, wakaondoka. Wifi akauchukua mdoli wa Nyemo. Akaugeuza. Akaangalia mshono wa shingo. Akafunua gauni kutazama kama ana chupi (anayo, nimemshonea, tena ina lasitiki). Kisha akaniinamia, kwa sauti ya chini kabisa ili mama asisikie, akasema:

"Wifi, ungesema tu kama mambo yamebana. Tungekuelewa. Zawadi za watoto tungenunua sisi."

Nami nikajibu nini? "Hapana wifi, nimependa tu kushona."

Na mimi nikaweka "tu" yangu! Nimeipima zaidi ya mara mia. Yake ilikuwa laini, ya huruma, kama mkono unaokupapasa mgongoni msibani. Yangu ilitoka kavu, kama ya mtu aliyekutwa anaficha kitu. Angenikejeli ningemjibu, kejeli ninaiweza. Lakini mtu akikuonea huruma unamjibu nini?

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Baba mdogo karuhusiwa kutoka hospitali, upande wa bwana harusi wamemaliza mahari ya mdogo wetu, na barua yangu ya kupanda daraja, ndiyo, ileile niliyoingoja miaka minne, imetoka. Nimeisoma kwenye daladala nikirudi kutoka Mtumba kwenye ofisi za serikali, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi, na kuanzia hapo hadi Nkuhungu nikawa najibizana na wifi kichwani. Ningesema, wifi, kazi ya mkono haina bei. Hapana, hiyo ni ya kwenye kalenda. Ningesema, wifi, umewahi kumshonea mtu chupi ya ukubwa wa kiberiti? Ningetoa barua. Lakini kumwonyesha mtu barua ya daraja ili umthibitishie kwamba mdoli wako si wa umaskini, hapo ndipo umaskini wenyewe unapoonekana.

Sasa niseme na lile ambalo sijamwambia mtu. Mwezi wa kumi na moja niliingia duka moja mjini, nikamshika mdoli wa plastiki, nywele za njano, macho yanafumba ukimlaza. Nikauliza bei. Nikapiga hesabu ya watatu. Nikafikiria sare za Seche za Januari. Nikamrudisha, tena nikamlaza vizuri macho yakafumba. Kupenda kushona nilipenda, hilo ni kweli, lakini kulianzia pale. Kwa hiyo wifi hakukosea sana. Angekosea kabisa ningeshasahau.

Na sisi tulikulia wapi? Krismasi ilikuwa gauni, tena linashonwa kubwa ili livaliwe na mwakani, wali nyama, na soda moja kwa watoto wawili. Mdoli ulikuwa gunzi. Mwenye bahati alipata hindi bichi lenye nywele zake, akalisuka mpaka likanyauka, na mama yake akaligombania kulichoma. Hakuna aliyesema fulani mambo yamebana. Yalikuwa yamebana kwa wote.

Tarehe 28 ikanyesha. Mvua ya maana, ile ya kujaza korongo. Kesho yake nyuma ya nyumba kukawa na tope zuri, na watoto wa mtaani wakamfundisha Yona kufinyanga ng'ombe. Huyu ni Yona ambaye siku tatu nzima alikuwa hajainua uso kwenye simu ya baba yake. Kufika saa nane kulikuwa na ng'ombe kumi na tisa wanaanikwa juu ya bati, wenye nundu na pembe za miiba ya mgunga. Nikiwa jikoni nikamsikia anakuja mbio.

"Shangazi! Spoku imechomoka na mnada unaisha!"

Mnada gani? Mnada wa mifugo wa Msalato, ulikuwa chini ya mwembe. Lori lilikuwa limebeba ng'ombe sita na mbuzi mmoja asiye na kichwa. Nikachukua koleo, nikapinda spoku upya nimechuchumaa kwenye tope na kanga yangu ya kutokea, na dereva amesimama juu yangu anahema kwa haraka ya biashara. Hakusema asante. Alisema, "Kaza na huku."

Jioni Nyemo akapita na mtoto wake mgongoni, kamfunga kwa taulo la vyombo. Akasimama mbele yetu, uso wa mtu mwenye swali zito.

"Shangazi, kwa nini mwanangu ananukia chai?"

Wifi akacheka hadi akashika ukuta. Mimi pia. Mama akauliza kuna nini, akaelezwa, akasema mtoto anayenukia chai ni nafuu, nyie mlinukia mbuzi. Usiku ule nililala vizuri.

Ningeishia hapo, lakini saa tisa hii wifi ameshafika Dar na ameniandikia: "Wifi, wenzangu wameona picha ya mtoto wa Nyemo. Unaweza kushona sita? Niambie bei, usione haya."

Usione haya! Sasa hii ni oda au ni msaada? Nimeisoma, na ameona nimeisoma. Amerikani nyingine ninayo, chai ipo. Bei siijui.

Halafu mama anasema tangu ile mvua ya tarehe 28 huko shambani hakijadondoka kitu. Mtama umeshachomoza, vidole viwili hivi, na jua la leo mmeliona. Mbegu iliyobaki haitoshi hata nusu ya shamba.