Walioniambia pikipiki yangu haina filta

Mafundi wa huku kwetu Morogoro wana wimbo mmoja: "Kaka, hizi za Kichina hazina filta. Mwaga oili, weka mpya, kazi imeisha." Wanapotosha watu. Pikipiki yangu ina injini ya aina ya CG, ukoo wa Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Filta ya karatasi kweli haina, lakini ina chujio la waya chini ya injini, nyuma ya kofia kubwa yenye springi. Nilipoamua kumwaga oili mwenyewe nyumbani, niliapa kwamba hilo chujio nitaliona kwa macho.

Oili na vifaa havikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni hiyo kofia. Kuna aliyewahi kuishika kwa spana malaya, ikateleza, kisha akamalizia kwa tindo na nyundo. Kona zote zilikuwa zimelika na spana haishiki kitu. Jirani akanishauri nami nitafute tindo. Nikakataa, maana bodi ya injini ni alumini, ukiipasua hapo umenunua injini.

Nikawasha pikipiki dakika chache injini ipate moto wa wastani. Kwa dereva wa lori wa mtaani nikaazima ringi spana kubwa. Nikachukua kopo tupu la soda, nikakata ukanda mwembamba wa bati, nikaukunja mara mbili na kuuzungushia kwenye kofia, halafu nikaigongelea ringi juu yake taratibu kwa mpini wa nyundo mpaka ikakaza. Nikaigonga kofia usoni mara kadhaa kuistua. Kisha nikavuta polepole, bila kushtua mkono. Ikalia "kra!" ikaachia. Nilishangilia mpaka watoto wakatoka ndani.

Ukifika hapo tanguliza kiganja, kwa sababu springi inasukuma. Oili ilishuka nyeusi kwenye beseni, chujio likafuatia. Nililiinua kwenye mwanga: karibu nusu ya matundu yake ilikuwa imezibwa na vipande vya gundi nyekundu, ile silikoni ambayo mafundi wanaipaka kwa wingi badala ya kununua gasketi, kile kipande cha kuziba maungio ya injini. Inayobaki upande wa ndani hukatika na kuelea kwenye oili hadi inaswe hapo. Pampu inavuta kupitia tundu hizo hizo! Nililisafisha kwa petroli na mswaki, nikalikausha, nikabadilisha oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, ya shilingi mia kadhaa. Kurudisha ni chujio, springi, kofia; kaza kwa mkono kwanza, spana ije mwisho na isitumie nguvu za kugombana.

Halafu kuna hawa wanaosema oili ya gari ni sawa tu. Si sawa. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi inaanza kuteleza mlimani ukiwa na abiria. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo. Mimi nilinunua ya unene wa 20W-50, elfu kumi na kitu lita moja, na haikuisha yote. Kupima oili, simamisha pikipiki wima, futa kijiti cha kupimia, kiweke kwenye tundu lake bila kukifunga, ndipo usome. Ukikifunga kinazama zaidi na kitakudanganya kuwa oili inatosha.

Oili chafu niliimimina kwenye dumu, fundi seremala akaichukua ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Chujio la pili, lile linalozunguka pamoja na injini, liko ndani ya kava la klachi na kulifikia ni lazima ufungue kava na uwe na gasketi mpya mkononi. Hiyo gasketi nimeshainunua, na kwenye kava langu silikoni haipakwi tena.