Mbwa wa mgeni akila sumu ya panya nyumbani kwako

Nyumba nyingi za Kampala zina sumu ya panya nyuma ya kabati la jikoni au kando ya gunia la unga wa posho, na mbwa wa mgeni hajui mipaka ya nyumba yako. Akiila, usimnyweshe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi; chumvi nyingi nayo huua. Chukua pakiti ya sumu, kadiria kiasi kilicholiwa, andika saa, kisha mkimbizeni kwa daktari wa mifugo. Kumtapisha hufaa zaidi ndani ya saa 2 za kwanza, na ni kazi ya daktari.

Mbwa asiwadanganye kwa kuchangamka. Sumu zinazozuia damu kuganda humaliza vitamini K polepole, hivyo damu huanza kuvuja baada ya siku 3 hadi 5: fizi hupauka, kinyesi huwa cheusi, mbwa huhema. Dawa yake ni vitamini K1, mara nyingi kwa wiki 3 au 4.

Gharama? Kwa maoni yangu, aliyetega sumu bila kumwonya mgeni alipe zote, pamoja na usafiri. Mgeni aliyeonywa, kisha akamwacha mbwa azurure, achangie nusu. Ila mwambie papo hapo, hata kama mbwa bado anacheza. Kila dakika ya kuona haya inapunguza nafasi ya kumtapisha.