Sentensi changamano wanazijua, mbona kwa insha hazionekani?

Nimetoka kumaki rundo la insha za form three na kuna kitu kinaniuma, acha nikiseme. Hawa watoto ukiwapa sentensi changamano, yaani yenye sehemu inayojitegemea na nyingine inayoitegemea, kwa Karatasi ya Pili ya mtihani wa Kiswahili, ile ya maswali ya sarufi, wanaichanganua vizuri kabisa, kishazi huru hiki, kishazi tegemezi kile, matawi ya mchoro yamenyooka, maksi wanachukua. Halafu unafungua Karatasi ya Kwanza, ambayo insha mbili zina alama 40 na kila moja isipungue maneno 400, unakuta ukurasa mzima ni "Nilifika. Niliingia. Nilimwona mama. Nilimsalimia." Nili, nili, nili mpaka chini.

Mimi nasema shida ni vile tunafundisha sarufi, yaani tunaifundisha ya kujibia maswali tu, mtoto hajui kumbe ile -po- ya "nilipofika" na -ki- ya "nikimsubiri" ndizo za kusimulia nazo.

Sasa huwa nawaambia waweke duara kwa neno la kwanza la kila sentensi, ukurasa wote. Kwa Kiswahili mtenda amejificha ndani ya kitenzi, kwa hivyo mtoto haoni kama amerudia "mimi" mara zote hizo, lakini akishaona maduara yote yameanza na "nili" hata sihitaji kueleza.

Kisha tunachukua kipande kidogo: "Mvua ilinyesha. Mto ulijaa. Tulishindwa kuvuka. Tulirudi." Kila mtu aandike upya, habari ibaki ileile. Mmoja analeta "Mvua ilinyesha hadi mto ukajaa, tukashindwa kuvuka, tukarudi." Mwingine, "Tulirudi, kwani mto uliokuwa umefurika haungevukika." Ya kwanza inakimbia na tukio, ya pili inakupa matokeo ndipo ikupe sababu, na darasa linabishana ipi inafaa wapi, hapo sasa nafurahi sana. Ninayoipenda mimi ni kuanza na mahali: "Mlangoni palisimama mzee." Unaona mlango kwanza, mzee unamfikia baadaye, na kwa kisa cha taharuki hiyo ni kubwa.

Ila wakishaonja wengine wanazidisha, unapata "ambaye" tatu kwa sentensi moja na umesahau nani alifanya nini. Ndefu inahitaji fupi karibu yake: "Tulipokuwa tukimsubiri baba, chakula kikipoa na kila mtu akijifanya hana wasiwasi, simu ililia. Hakuna aliyeinuka." Hiyo ya pili ina maneno mawili tu na ndiyo inakushika. Misemo ya kukariri, sijui majogoo yaliwika sijui nini, haiwezi kufanya kazi hiyo.

Kwa kumbukumbu za mkutano siwasumbui na haya, pale ni kusema waziwazi tu. Lakini hotuba, tahariri, na hasa insha ya methali, lazima wasomeane kwa sauti kabla ya kunipa, na mahali mwenzake amekatika pumzi ama ameboeka anapiga mstari, hapo ndipo wa kuandika upya.