Gari letu kuukuu, sadaka na kodi ya Marekani: nilivyofanya mimi

Ukiwa na gari kuukuu hapa Marekani, ushauri utakufuata hata kama hukuuomba. Nami niliupata wa kila aina tulipoamua kuachana na Toyota Sienna ya mwaka 2009 iliyotulelea watoto hapa Houston. Mmoja alinishauri nilisafirishe nyumbani, kana kwamba usukani wa kushoto ni jambo dogo katika barabara zetu. Na huyo alikuwa Mkenya, ambaye nchi yake haipokei hata magari ya usukani wa kulia yaliyozidi umri wa miaka 8. Mwingine, mzee wa kanisa ninayemheshimu sana, alinihakikishia kwamba nikilitoa kwa shirika la hisani, serikali itanirudishia thamani yote ya gari kama inavyoonekana kwenye Kelley Blue Book, mwongozo wa bei za magari unaotumiwa sana hapa. Maneno hayo nimeyasikia misibani, harusini na hata kazini, na kila anayeyasema huyasema kwa uhakika uleule.

Hakuna anayerudishiwa thamani ya gari. Kinachotokea ni kwamba kiasi fulani huondolewa kwenye mapato yako kabla kodi haijakokotolewa, hivyo mtu aliye katika daraja la kodi la asilimia 22 akipunguziwa dola 1,000 anaokoa dola 220 tu. Hata hizo hazipati asiyeorodhesha matumizi yake kwenye Jedwali A la fomu 1040, yaani ritani ya kodi ya kila mwaka, na kuorodhesha kuna maana pale tu jumla inapozidi punguzo la kawaida, kile kiasi anachoondolewa mtu bila kuorodhesha chochote, ambalo kwa mapato ya mwaka 2024 lilikuwa dola 29,200 kwa mume na mke wanaowasilisha ritani pamoja. Sisi tulilivuka kwa sababu ya riba ya mkopo wa nyumba, kodi ya majengo ya Texas isiyo na huruma, na fungu la kumi. Wapangaji wengi hawafiki huko. Kwao gari ni sadaka tupu, na sadaka ni jambo jema, ila wasidanganywe kuhusu kodi.

Nilianza na kampuni moja ya udalali inayokusanya magari kwa niaba ya mashirika. Dada aliyepokea simu alikuwa na sauti ya asali: gari litavutwa bure, hata kama haliwaki, na stakabadhi nitaletewa nyumbani. Nilimuuliza gari litakwenda wapi, akajibu kwamba litapelekwa mnadani. Nilipouliza magari ya aina ile huuzwa kwa kiasi gani huko, ile asali ikapungua, akasema inategemea. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005 iko wazi: shirika likiuza gari lako kwa zaidi ya dola 500, punguzo lako haliwezi kuzidi bei lililouzwa, na Kelley Blue Book haina la kusema. Hata hivyo nilikubali waje, kwa kuwa gari lilikuwa limeziba njia ya gereji.

Dereva wa gari la kuvuta alifika jioni, akatandika karatasi zake juu ya boneti, akaniomba nitie saini kwenye hati ya umiliki na kuacha wazi sehemu ya jina la anayepokea, eti ofisi itajaza. Nilimwomba aandike jina la shirika palepale mbele yangu. Akasema halijui. Nikamwambia apige simu aulize. Akapiga, akasubiri, akapiga tena, huku mimi nimekaa kwenye ngazi ya baraza na hati yangu mapajani kama karani wa mahakama. Hakuna aliyeweza kutaja jina. Akaondoka na gari lake tupu, amenuna, na mke wangu akaniuliza kama sasa nimefurahi. Nilikuwa nimefurahi sana. Hati iliyoachwa wazi inaweza kupita mikono mingi huku gari likibaki kwenye jina lako, na faini za maegesho zitakujia wewe.

Baada ya hapo nilibadilisha mbinu, na hapa nitajisifu kidogo. Sheria hiyohiyo inaruhusu kudai thamani ya soko ikiwa shirika litalitumia gari kwa kazi zake hasa, au litalifanyia matengenezo makubwa, au litampa mhitaji bure ama kwa bei ya chini sana. Basi niliacha kuuliza gari langu lina thamani gani, nikawa nauliza kila shirika swali moja: mtalifanyia nini? Wengi walijibu mnada. Hatimaye nikapata kikundi kidogo kinachotengeneza magari na kuyagawa kwa familia, zikiwemo za Wakongo waliotokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Nilimuuliza mama aliyekuwa zamu kama wataweka alama kwenye kisanduku 5b cha fomu 1098-C, ile stakabadhi ya gari lililotolewa, ambapo shirika huthibitisha kwamba gari litakwenda kwa mhitaji. Alicheka, akaniuliza kama mimi ni mhasibu. Nikamjibu kwamba mimi ni nesi.

Mke wangu alitaka tuichagulie gari familia moja tunayoifahamu. Kulitoa moja kwa moja kwa mtu hakuna punguzo kabisa, na kulipitisha kwenye shirika kwa sharti kwamba apewe fulani ni vilevile. Nilihakikisha pia kwamba shirika limo katika orodha ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya taasisi za 501(c)(3), yaani za hisani zinazotambuliwa kisheria, orodha ambayo inatafutwa bure mtandaoni, ingawa makanisa yanaweza yasionekane humo na bado yakastahili.

Kwa thamani nilitumia bei ya mtu kumuuzia mtu, si ya duka la magari, na sikuuficha mlango uliobonyea. Nilichapisha ukurasa siku ileile na kupiga picha. Ilitoka elfu tatu na ushei, chini ya dola 5,000, hivyo sikuhitaji mthamini. Fomu 1098-C ilifika ndani ya siku 30, nikaiambatanisha na ritani pamoja na sehemu A ya fomu 8283, ile ya kuripoti sadaka zisizo za fedha taslimu. Kodi ilipungua kwa kama dola mia saba hivi. Kwa njia ya mnada nadhani kodi ingepungua mia mbili kwa taabu.

Kwa wenzangu wa Texas, ng'oeni namba za gari, ondoeni kile kibandiko cha barabara za kulipia kwenye kioo, na mtoe taarifa ya uhamisho kwa idara ya magari ya jimbo siku hiyohiyo. Jirani yangu ana Nissan iliyokufa injini, na yeye nimemwambia asihangaike kama mimi: likiuzwa kwa dola 500 au chini yake, anaweza kudai thamani yake halisi hadi kikomo cha dola 500, maadamu anaorodhesha. Mnada unamtosha, ila jina kwenye hati ahakikishe limejazwa.