Starlet ya Casuarina na Starlet ya Voi

Mwezi wa Machi 2019 nilikuwa Malindi na shilingi 320,000 za kununulia gari. Gari lenyewe lisizidi 250,000. Zile 70,000 zilikuwa za matengenezo ya mwanzo, bima na kuhamisha umiliki, na sikukubali ziguswe hata dalali aliponiambia niongeze kidogo tu. Gari la bei hiyo halikosi kazi ya fundi inayolisubiri, na anayemaliza pesa zote kwenye kununua hubaki nalo limeegeshwa uani.

Nilitaka Toyota Starlet ya umbo la mwisho, liitwalo EP91, ya kati ya 1996 na 1999. Injini yake ni 4E-FE ya lita 1.3, haina mambo mengi, na vipuri vyake kila fundi anavijua.

Ya kwanza ilikuwa upande wa Casuarina, kwenye nyumba inayotazama bahari. Mwenyewe hukaa Malindi miezi minne kwa mwaka. Miezi minane gari hulala chini ya mvinje. Mita ilisoma kilomita 78,000. Rangi yang'aa, viti havina hata doa, bei 265,000 na mazungumzo yapo. Dalali alisema gari la mzungu halichoki.

Fundi niliyekwenda naye, mzee niliyemwita Ami kama wote wanavyomwita, hakugusa boneti kwanza. Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio aliyoifunga kitambaa kisikwaruze rangi, akaipitisha kwenye madigadi na chini ya milango. Kwenye bati sumaku hung'ang'ania. Kwenye puti, ule udongo wa kuzibia bati lililoharibika kabla ya rangi, huteleza. Iliteleza mara nne. Akalala chini. Huko kulikuwa kumepakwa lami nyeusi mpya, na gari la miaka ishirini na ushei halina sababu ya kuwa na lami mpya. Alisukuma bisibisi kwenye kizingiti cha mlango wa dereva, ikazama nusu. Tulipoinua zulia, sakafu ilibonyea kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hili limeliwa limelala," akasema.

Hewa ya bahari hubeba chumvi, chumvi huvuta unyevu, na gari lililosimama halina joto la injini wala upepo wa mwendo wa kulikausha. Matundu ya kutolea maji chini ya milango huziba kwa mchanga na majani ya mvinje, maji yakakaa ndani ya vizingiti, kutu ikaanzia ndani kuja nje. Ukiiona kwenye rangi, ujue imeshamaliza kazi. Mabomba ya breki ya chuma nayo yalikuwa yamevimba magamba. Bati la mlango hubadilishwa, lakini pale juu shokabsoba zinaposhikiliwa na pale ekseli ya nyuma inapofungwa, kutu haiponywi kwa puti, kwa sababu ndipo uzito wote ulipo. Kilomita 78,000 zilikuwa za kweli, na huko kutotembea ndiko kulikoliua. Magari yaliyofanya kazi huko Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi nayo nayatazama kwa jicho hilohilo.

Ya pili ilikuwa ya mwalimu aliyehamia Malindi kutoka Voi, bara, mbali na chumvi ya bahari. Kilomita 241,000, paa limepauka, kioo kimoja cha pembeni kimefungwa kwa gundi. Alitaka 250,000. Nilimwomba asiliwashe kabla hatujafika, na Ami alianza kwa kuweka kiganja juu ya boneti: baridi. Injini iliyopashwa moto kabla huficha mengi. Ilipowaka ilitoa mvuke mweupe kidogo, ukakatika. Moshi wa samawati ungekuwa oili inayoungua, ringi au sili za valvu zimekwisha. Mweupe usiokatika ungetutia shaka ya gesketi ya silinda hedi. Chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na utando wa maziwa. Mgandamizo wa silinda nne, kwa psi, ulikuwa 165, 160, 160 na 155, na hizo kukaribiana ndiko tulikokutafuta. Kujaribu klachi: breki ya mkono juu, gia ya tatu, achia pole pole. Injini ilizima palepale, kwa hiyo klachi bado inashika.

Bisibisi haikuingia popote.

Makosa yalikuwepo. Rejeta ilikuwa na maji mekundu kama chai ya rangi, ya kisima cha chumvi bila dawa ya kuzuia kutu, na thamostati, valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, ilikuwa imeng'olewa. Usukani ukikatwa hadi mwisho, gurudumu la kushoto lililia ka-ka-ka: si-vi jointi, kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu, imekwisha. Tairi ziliandikwa 1112, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2012. Tulikwenda hadi Gede na kurudi, tukasimama injini ikinguruma mpaka feni ikajiwasha yenyewe. Kila kosa nililiandika na bei ya kipuri chake mbele ya mwalimu, bila kulidharau gari lake, na tukakubaliana 228,000.

Kabla ya pesa, namba ya chasisi ililinganishwa na logibuku, na rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, ikatolewa kuhakikisha jina ni la mwenye kitambulisho kile na hakuna benki iliyoandikwa pamoja naye kwa sababu ya mkopo. Yeye ndiye aliyeanzisha uhamisho mtandaoni, mimi nikaukubali. M-Pesa wakati ule haikupitisha zaidi ya 70,000 kwa mara moja wala 140,000 kwa siku, kwa hiyo tulimalizana benki.

Kazi ya kwanza ilikuwa mkanda wa taimingi, ule unaozungusha kamshafti ya valvu. Hapakuwa na kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, na wa injini hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ulipotoka ulikuwa na nyufa kwenye mizizi ya meno na umelowa oili iliyovuja kwenye sili ya kamshafti; mkanda mpya bila sili mpya ungeozeshwa vilevile. Zikafuata si-vi jointi, tairi nne, thamostati, na rejeta kusafishwa na kutiwa dawa.

Mwisho, ili kutu isianze, Ami alizibua matundu ya vizingiti kwa waya, akachanganya lita mbili za oili nyepesi na grisi aliyoiyeyusha, akaipuliza ndani kwa kompresa, breki zikiwa zimefunikwa magunia. Ilidondoka wiki nzima. Mama alisugua sakafu ya uani kwa majivu na sabuni ya unga, na doa bado lipo.