Kisu Kabla ya Mafuta

Kisu kile tulikifua kutokana na springi ya lori, katika karakana ya mhunzi mmoja mzee huko Mamba, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako Wachagga wamefua chuma kwa vizazi vingi. Kilikuwa kimeshapata umbo la kisu cha kuchinjia, nami nilitamani kukiona kikichovywa katika mafuta, ili kiwe kigumu, asubuhi ileile. Mzee alipitisha kidole mgongoni mwake, akasema, "Bado, mwanangu. Hiki kingali na hasira za nyundo."

Chuma cha springi, chenye kaboni ipatayo asilimia 0.6 na kromi kidogo, huwa kigumu sana kikipozwa ghafla, na katika kugeuka huko hutanuka. Sehemu nyembamba hutangulia, nene hufuata, na mkazo huo ukikutana na ule ulioachwa na nyundo na grainda, kisu hupinda au hupasuka. Kwa hiyo alikipasha moto kupita kiwango ambacho sumaku huacha kukinasa, nyuzi 770 za Selsiasi hivi, akakiacha kipoe chenyewe mahali pasipo upepo. Alirudia tena na tena, kila mara kwa moto mdogo kuliko uliotangulia, ili chembe za chuma zilizokua wakati wa kufua ziwe ndogo.

Kazi ndefu ilikuwa ya tupa. Pembe kali iliyokuwa kati ya ubapa na msuka, yaani sehemu inayoingia kwenye mpini, niliiviringisha, kwa sababu ufa hupenda kuanzia hapo, na mikwaruzo ya grainda iliyokikata kisu kwa upana niliisugua kwa msasa, nikifuata urefu wake, mpaka ikatoweka. Makali hayakunolewa: mzee alitaka yabaki na unene usiopungua milimita 1, na pande zote mbili zilingane. Hatua hii wengi huiruka, na huniuma kuona kisu kilichofuliwa vizuri kikipotea kwa kukosa subira ya saa chache.

Kisha kisu kilipashwa hadi wekundu uliofifia, kikafukiwa katika majivu makavu, kikapoa polepole hadi jioni.

Kesho yake tulikipasha moto tena, tukakichovya katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa kidogo, ncha ikitangulia, bila kukiyumbisha kando. Kilitoka bila ufa. Kilikuwa kimepinda kidogo tu karibu na ncha, nasi tukakinyoosha kati ya mbao mbili kingali na joto, kisha tukakiweka katika oveni, nyuzi 200, kwa saa mbili.